Mkono wa nani?

Wiki ya pili baada ya kumzika baba yangu, binti yangu alianza kula kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Sisi ni Wagogo wa Chamwino, tumelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, na kwetu mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sahani anarekebishwa papo hapo, tonge halijafika mdomoni. Nikamrekebisha. Akamega mara moja kwa mkono wa kulia, akalirudisha tonge, akaacha kula. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu baba yake akapandisha sauti kidogo, "Shika kwa mkono wa kulia, mama." Akauvuta ule mkono, akauweka chini ya paja, akaukalia. Machozi yakawa yanadondokea mboga na sauti haitoki.

Tukasema ni deko. Msibani alibebwa na kila mtu, basi amezoea kubembelezwa. Ilipita miezi miwili ndipo nikajua ule mkono ulikuwa umebeba nini, na nikijumlisha nyumbani na darasani, maana mimi ni mwalimu wa awali hapa Dodoma mjini na nimekaa na watoto wa umri huo miaka kumi na moja, naona aibu kwamba nilichelewa kiasi hicho.

Nianze na Babu yake. Baba yangu alikuwa mkulima, kijiji kilicho mbele kidogo ya Mvumi, ana mbuzi wachache na shamba dogo la zabibu. Binti yangu amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza Babu alimwita "mke wangu", na sisi nyumbani tukamwita Bibi Mdogo. Kila tulipofika, mzee alivua pama lake, na ndani ya pama mlikuwa na kishada cha zabibu kilichofunikwa kwa majani yake. "Mke wangu, nimekuwekea." Bibi Mdogo alikuwa anakula zabibu kutoka kwenye kofia akidhani ndiko zinakoota.

Mwezi wa tano mwaka jana mzee alipata kiharusi. Tulimleta hospitali mjini, akakaa siku tisa. Bibi Mdogo nilimpeleka kumwona mara moja tu. Uso wa Babu ulikuwa umelala upande mmoja, mkono mmoja una plasta na mpira wa dripu. Akanyoosha ule mkono mwingine, mzima, ili mjukuu amwamkie. Mtoto akaogopa. Akausukuma, akajificha nyuma ya kanga yangu. Babu akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inacheka. Mimi niliona ni jambo dogo, nikamwambia mzee, "Amekuja na aibu leo." Siku mbili baadaye, alfajiri, simu ikaita.

Nilikuwa jikoni nachemsha uji. Nikakaa chini sakafuni. Bibi Mdogo akaja na gauni la kulalia, akanishika shavu, "Mama, unalia nini?" Nikamjibu, "Babu amesafiri."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sikulitunga. Lilikuwa limeshatengenezwa tayari, linanisubiri, kwa sababu ndilo nililopewa mimi mwenyewe bibi yangu alipokufa. Na Kiswahili chetu kinatusaidia kulikwepa lile neno lenyewe: amefariki, ametutoka, ametangulia mbele za haki, amepumzika, ameitwa. Hata "kufariki" kwa asili yake ya Kiarabu ni kuachana, kutengana. "Kufa" tumewaachia kuku na betri. Ukimwambia mtu mzima "baba yako amekufa" umemkosea adabu, na mimi siombi tuanze kuzungumza hivyo kwenye matangazo ya misiba. Lakini maneno hayo ya heshima yalitungwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima wenzao, ambao wanajua kilicho nyuma ya pazia. Mtoto wa miaka minne analiona pazia tu. Ukimwambia amesafiri, basi amesafiri.

Na fikiria kusafiri ni nini kwa mtoto wa Dodoma. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi, mwaka 2016, nusu ya nyumba za mji huu zina mguu mmoja hapa na mwingine Dar es Salaam. Darasani kwangu hakuna Jumatatu inayopita bila mtoto kuniambia baba amesafiri kikazi, mama amesafiri semina. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, mwezi wa saba mwaka 2024, safari zikazidi. Watoto wangu wanajua kwamba anayesafiri hubeba begi, hupiga simu jioni, na siku fulani hurudi na zawadi. Safari ndiyo neno wanalolijua kuliko maneno yote. Ndilo nililochagua kumfichia binti yangu kifo.

Baba yake ni dereva. Mwezi wa sita, kama wiki tatu baada ya mazishi, alipangiwa safari ya siku nne. Alipotoa begi chini ya kitanda, Bibi Mdogo akalifungua na kuanza kutoa nguo moja moja, taratibu, anazirudisha kabatini bila kukunja. Getini akamshika baba yake mguu kwa mikono miwili. "Usisafiri kama Babu." Jirani aliyekuwa anapita akacheka, akasema huyu anampenda baba yake. Mume wangu akanitazama. Usiku ule mtoto hakulala mpaka saa saba, kila pikipiki iliyopita barabarani aliinua kichwa.

Kesho yake nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia, "Nilikosea kusema Babu amesafiri. Babu amekufa." Neno lilinikwaruza koo lilipotoka.

Akafikiri. "Kama simu?"

Nyumbani tunasema simu imekufa, maana yake chaji imeisha. Gari la ofisi ya baba yake likifa njiani, fundi analiamsha. Kwa hiyo hata neno lenyewe nililokuwa naliogopa halikutosha, nililazimika kulifungua. Nikamwambia simu ikifa tunaichaji inarudi, lakini mtu akifa harudi. Hapumui. Macho hayaoni, masikio hayasikii. Hasikii njaa, hasikii baridi, hasikii maumivu. Mwili wake umeacha kufanya kazi kabisa, na hakuna daktari wala fundi wa kuuwasha tena. Akauliza, "Hata kidogo?" Nikasema hata kidogo. Akaomba chai.

Kama ingeishia hapo ningeandika makala fupi. Lakini mkono wa kushoto uliendelea.

Mwezi wa saba hapa kwetu upepo unavuma usiku na mchana na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa na kuku aliyeangua vifaranga tisa. Asubuhi moja tukakuta kimoja kimelala pembeni ya tenga, miguu imenyooka, manyoya ya tumboni yamelowa umande. Sisimizi walikuwa wameanza kupanga mstari kuelekea kwenye jicho. Nikaona hii ndiyo nafasi, nikachuchumaa, nikamwita. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwonyesha: tazama, hakipumui, kiguse.

Bibi Mdogo alifika hatua tatu kutoka pale, akasimama. Akapeleka mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Mimi sikukigusa, Mama. Huu sikukigusa nao."

"Najua hukukigusa. Mkono una nini?"

Kimya.

"Una nini mkono wako, mama?"

"Ndio ulimuua Babu."

Nikakaa kwenye vumbi palepale. Nikamuuliza nani amesema. Akasema ni Bibi, pale kwenye turubai. Alisema Babu hakufa hivihivi, ni mkono wa mtu. Na yeye ndiye aliyemsukuma Babu mkono hospitali.

Mwenzangu unayesoma, unayajua maneno hayo. Hakuna msiba nisioyasikia. Wanawake wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, mmoja anashusha sauti, "Huu ni mkono wa mtu," na wengine wanatikisa vichwa. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mmojawapo, au sisi tulidhani amelala. Mimi nilikuwa nimelificha neno "kufa" kwa wiki tatu nzima, kumbe alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, na alikuwa amelipata likiwa limefungwa pamoja na mkono. Akatafuta ni mkono wa nani. Aliukumbuka mmoja tu.

Miezi miwili mtoto wangu alikaa na kosa la kumuua babu yake, akila kwa kushoto ili asituue na sisi.

Sikujua niseme nini, nikamshika ule mkono, nikaupeleka kwenye shavu langu, nikauacha pale. Nikamwambia, "Umenigusa. Nimekufa?" Akatikisa kichwa. Kisha nikamweleza. Ndani ya kichwa kuna mishipa myembamba ya damu, kama mpira wa kumwagilia bustani lakini midogo sana. Mshipa mmoja wa Babu uliziba. Damu ikashindwa kupita, na sehemu ile ya kichwa inayoamrisha uso na mkono na kupumua ikaharibika. Huo ugonjwa unaitwa kiharusi. Ulianza kabla wewe hujaenda hospitali. Mkono wako hauwezi kuingia kichwani kwa mtu. Kumsukuma hakuui. Kukasirika hakuui. Kusema "sikutaki" hakuui.

"Na mafua?"

"Mafua hayakuua. Ukiumwa mafua unapona. Babu aliumwa ugonjwa mkubwa sana, sio kama wa kwetu wa kila siku."

Akauliza tena habari ya mafua mara nne siku ile. Jioni alikula kwa kushoto. Nikamwacha.

Tulikizika kile kifaranga chini ya mlonge, tukaweka jiwe. Kesho yake nikamkuta amekifukua kwa kijiti, ametandika jani, anakitazama. Nilitaka kupiga kelele nikajizuia. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Bado." Tukakirudisha. Jirani yetu, mama mtu mzima kutoka Kondoa, aliyaona hayo kutoka ukutani kwake, akamwita pamoja na wajukuu zake akawasimulia habari ya kunguru: Kabili alipomuua ndugu yake hakujua la kufanya na mwili, mpaka Mwenyezi Mungu alipomleta kunguru akawa anafukua ardhi, na Kabili akaona ndivyo maiti inavyositiriwa. Imo kwenye Surat Al-Maida. Nilipenda alivyosimulia, mkono wake ukichimba hewa kama ukucha. Watoto wanataka kujua hasa hilo ambalo sisi tunaona ni ukatili kulisema: mwili uko wapi, nani ameuweka, umewekwaje.

Binti yangu hakujua, kwa sababu siku ya mazishi tulimtoa. Wakubwa walisema mtoto mdogo hapelekwi kaburini, ataota usiku, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Na kabla hatujamtoa, lilitokea jambo lililomchanganya kuliko jeneza lolote. Watani walifika. Mmoja akavaa pama la baba na kuchukua fimbo yake, akawa anatembea uani kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai wadeni wake. Watu walicheka huku wanalia, na mimi nilicheka, kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu alfajiri ile ya simu. Utani ni dawa, siutetei tu kwa kuwa ni mila. Lakini Bibi Mdogo alikimbia akipiga kelele "Babu!" Mtani akamnyanyua, akamwita mke wangu. Muda mfupi baadaye akapelekwa nyumba ya tatu kucheza, na aliporudi jioni kofia ilikuwa juu ya kiti na Babu hayupo tena. Kwake yeye, Babu alirudi akaondoka bila kuaga. Ingetosha mtu mmoja kumwambia sikioni, "Huyu ni babu fulani, amevaa kofia ya Babu ili tumkumbuke." Sentensi moja tu.

Siku hizi wazazi wa shuleni wakiniuliza kama mtoto aende mazikoni, nawaambia aende kama mwenyewe anataka, lakini awe na mtu wake, mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku ile ni mtoto huyo na si kitu kingine, asiyepika, asiyepokea rambirambi, anayeweza kuondoka naye akichoka. Na aambiwe kabla atakachokiona: kutakuwa na sanduku refu, watu wazima watalia kwa nguvu, hata mjomba atalia, kuna shimo, tutatupa udongo, Babu hasikii udongo ule. Mtoto huogopa zaidi shimo la kuwaza kuliko shimo la kuona.

Mazishini mwinjilisti alisoma Yohana sura ya 11, habari ya Lazaro, tukasikia "Yesu akalia machozi", na watu wakajipangusa. Wiki kadhaa baadaye nilirudi kuisoma mwenyewe nikakuta kitu ambacho miaka yote kilinipita. Yesu anawaambia wanafunzi wake, "Rafiki yetu, Lazaro, amelala." Wanafunzi, watu wazima wenye ndevu, wanamjibu, "Bwana, ikiwa amelala, atapona." Hawakumwelewa. "Basi hapo Yesu akawaambia waziwazi, Lazaro amekufa." Nilifunga Biblia nikaifungua tena kuhakikisha. Kama wao walihitaji kuambiwa waziwazi, sembuse mtoto ambaye jana tu kajifunza kufunga vifungo.

Simaanishi imani ikae pembeni. Nyumbani kwetu tunaamini Babu yuko kwa Mungu, na binti yangu namwambia hivyo. Ila nimejifunza kutanguliza mwili, imani ifuate. Ukianza na mbinguni mtoto anapanga kwenda kumtembelea. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa miaka mitano aliyefiwa na mdogo wake mchanga. Wageni walimwambia Mungu alimpenda zaidi mdogo wako akamchukua. Yule mtoto akaacha kuimba nyimbo za Mungu darasani. Nilipomwuliza akaniambia hataki Mungu amwone akiimba vizuri. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili, sikuwa na jibu, nikampa rangi achore. Namkumbuka kila nikisikia maneno yale.

Kuna lingine la darasani linaloniuma. Mwezi wa tatu mwaka 2021 Rais Magufuli alifariki, na tarehe 22 mwili wake uliagwa hapa, Uwanja wa Jamhuri. Watoto waliona kila kitu kwenye runinga, jeneza, bendera, wanajeshi wanavyotembea. Waliporudi shule walicheza msiba wiki nzima. Mmoja analala chini ya meza, wanne wanabeba kiti juu kwa hatua za kijeshi, wasichana wanajifunga vitambaa kiunoni na kulia kwa zamu, kisha marehemu anafufuka kwa sababu zamu yake ya kufa imeisha. Niliwakemea. Niliona ni uchuro, nikaogopa wazazi. Leo ningekaa pembeni nikasikiliza, maana walikuwa wanafanya kazi yao kwa chombo pekee walichonacho, na yule aliyekataa kutoka chini ya meza hata zamu yake ilipoisha, ningemwuliza nyumbani kwao kuna nini.

Chuoni tulifundishwa kidogo kuhusu hili. Mwaka 1948 Maria Nagy alichapisha utafiti alioufanya Budapest kwa watoto wa miaka 3 hadi 10, akaeleza kwamba walio chini ya miaka mitano hukiona kifo kama kuondoka au usingizi, hali inayoweza kwisha. Baadaye, mwaka 1984, Mark Speece na Sandor Brent walilichambua jambo hilo katika vipande: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili huacha kazi zake zote, kwamba kila mtu atakufa. Watoto wengi huvishika vipande hivyo kati ya miaka mitano na saba. Niliyajibu haya kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kisha baba yangu akafa nikamwambia mtoto wa miaka minne amesafiri.

Kipande cha tatu, cha kila mtu, kilikuja usiku namvua viatu. "Na wewe utakufa?" Nilimwambia ndiyo, kila mtu atakufa siku moja, ila natarajia kuishi mpaka niwe mzee sana na wewe uwe mama mkubwa mwenye watoto. Akaendelea, "Ukifa nani atanifunga nywele?" Hapo ndipo penyewe. Mimi nilidhani tunazungumza mauti, yeye alikuwa anauliza kuhusu nywele. Tukahesabu: Baba, Mama Mkubwa wa Nkuhungu, Bibi wa Mvumi, dada wa jirani anayejua yebo. Alipofika watu wanne akaridhika.

Watu huniambia, "Mbona wako anacheza tu, hana habari." Nawajibu kwa makorongo yetu. Korongo la Dodoma ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, watoto wanacheza mpira ndani yake. Siku moja mvua inanyesha mbali huko usikokuona, na maji yanashuka kwa ghafla, mekundu, yanabeba kila kitu. Baada ya saa chache ni mchanga tena. Ndivyo alivyo. Yuko kwenye bembea anacheka, ghafla analia kwa sababu kaona mzee ana fimbo pale Majengo sokoni, na dakika tano baadaye anaomba ubuyu. Mtu mzima akiona mchanga anasema hakuna maji huko.

Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kupitia chama chao cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, ukoo wako ni upi, ulipenda kula nini. Nilikiiga kidogo. Tuna boksi la viatu. Ndani mna pama, redio ndogo ya Babu isiyo na betri, na ganda la kalenda ambalo alikuwa anaandikia madeni ya mbuzi. Bibi Mdogo hulifungua anapotaka. Mara nyingi analitumia kama gari la mwanasesere, na pama ndiyo paa.

Nimemwacha shangazi yangu mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa. Dada wa baba, mwenye zaidi ya miaka sabini, ndiye aliyesema yale maneno chini ya turubai. Nilikwenda kwake mwezi wa nane. Nikamwamkia, nikakaa chini, tukazungumza mavuno kwanza. Kisha nikamweleza bila kumlaumu, maana alikuwa amezika kaka yake wa mwisho na alikuwa anatafuta pa kuushikiza uchungu. Akasema, "Mtoto wa miaka minne anaelewa nini?" Nikamweleza habari ya ugali. Akakaa kimya mpaka mbuzi wakarudi.

Jumamosi ile akapanda gari mwenyewe akaja mjini. Kwa kuwa Bibi Mdogo ana jina la mke wa kaka yake, humwita wifi. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mkono wa kulia.

"Mbukwa, wifi."

Mtoto akanitazama. Akatoa wa kushoto. Shangazi akaendelea kunyoosha wa kulia, hakuuondoa, hakumkemea. "Nilisema neno baya msibani, wifi. Nilikuwa nalia nikasema nisilolijua. Mkono wako ni mzuri. Kaka yangu aliupenda." Sijawahi kumsikia mzee wa kwetu akimwomba mtoto radhi, na kwa umri wangu nimeona mengi. Ilichukua muda, nadhani chai ilipoa. Kisha mkono ukatoka nyuma ya gauni, vidole vitatu kwanza.

Mwezi wa tisa zabibu ziliiva. Kaka yangu ndiye anayelitunza shamba sasa. Tulikwenda tukapita kwanza kaburini, ambako Bibi Mdogo alikuwa amefika mara moja tu, siku ya arobaini, na siku ile hakutaka kushuka mgongoni kwangu. Safari hii alilizunguka. Akapima urefu kwa hatua, akauliza kichwa kiko upande gani, akauliza kama kule chini kuna giza, nikamwambia kuna giza lakini Babu haoni giza. Akauliza kwa nini tunamletea maua kama haoni. Nikamwambia maua ni yetu sisi. Akakubali, au alichoka.

Shambani mjomba wake akamkatia kishada. Hakikuwa ndani ya kofia, alimpa tu hivihivi, na mtoto akasimama nacho akitazama pale mzee alipokuwa anakaa, chini ya mkwaju.

"Mama, Babu bado amekufa?"

"Bado, mama."

"Haya," akasema. Akachuma zabibu moja kwa mkono wa kulia, akaipangusa vumbi kwenye gauni, akala.